Mkate Bila Marashi

Sehemu ya Saba

Nani aliyeandika maneno yale?

Salhiya aliisoma karatasi mara mbili, kisha akaikunja ndani ya kiganja kabla mgeni hajageuka. Ilikuwa saa moja na robo, asubuhi ya Jumapili, na kikapu kilikuwa kimeteremka kutoka ghorofa ya pili kama kinavyoteremka kila siku, kwa kamba ile ile, kikipita mbele ya dirisha la ngazi hadi kwenye baraza. Mkate haukuwamo. Mlikuwa na kitambaa kilichokunjwa vizuri, na juu yake karatasi hiyo: "Leo hakuna mkate. Mgeni wako mpeleke kwengine."

Msomaji uliyeachwa na kikapu hicho tangu wiki iliyopita, usidhani Salhiya alikuwa na jibu. Hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni muda wa saa tano, kwani boti ya mgeni wake ilikuwa ikiondoka saa sita na nusu.

Mgeni huyo, Bwana Hamad Mcha, alikuwa amevuka kutoka Dar es Salaam Ijumaa jioni. Kila wiki huandika ukurasa mmoja katika jarida la mapumziko, na watu wanaokuja kisiwani kwa siku mbili huufuata ukurasa huo kama wanavyoifuata ramani. Safari hii alitafuta nyumba kumi za staftahi katika Mji Mkongwe. Tisa alikwishazipata kwa kuongozwa na Salhiya, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kule Tunguu, ambaye kila mwisho wa wiki huwatembeza wageni. Walikula mbaazi za nazi na maandazi Darajani, wakanywa supu Malindi, wakakaa na wanywa kahawa wa Sokomuhogo mpaka jua likawafukuza. Sasa ulibaki mstari mmoja katika orodha yake.

Mstari huo ndio uliokuwa uhai wa baraza ya Bi Time, hapa Kiponda. Tangu mumewe, Mzee Shamsi, alipofariki, wateja walikuwa wakipungua hata ikafika siku chai ya birika zima ikamwagwa. Shemeji yake, Ubwa, mwenye fungu lake katika nyumba ile, alikwishasema bila ya kung'ata maneno kwamba mwezi ukimalizika na baraza ikiwa bado tupu, chumba cha chini kitakuwa duka la vinyago.

Salhiya naye alikuwa na siri. Kila mgeni humwambia neno moja kabla ya hatua ya kwanza: yeye hamsifu mtu kwa sababu ni ndugu yake. Neno hilo alilitunga mwenyewe, na analiamini. Lakini Bwana Hamad hakuambiwa kwamba Bi Time ni shangazi yake, dada wa baba yake wa toka nitoke.

"Kikapu kimekuja na nini?" Bwana Hamad aliuliza.

"Juu hawajawa tayari," alijibu Salhiya. Akamsihi aendelee na chai, akaingia ndani, akazipanda ngazi mbili mbili.

Kwenye dirisha la ngazi alimkuta Ubwa amesimama, anatafuna.

Aliutazama mkono wa mzee yule, ambamo kipande cha mwisho cha mkate wa kumimina kilikuwa njiani kuelekea kinywani.

"Ami Ubwa, mkate huo umeutoa wapi?"

"Na wewe shikamoo yako umeiacha wapi?"

"Shikamoo. Mkate umeutoa wapi?"

"Marahaba. Nimeukuta hapa dirishani, peke yake kama yatima. Nikauhurumia."

Salhiya alimkabidhi karatasi. Ubwa aliishika mbali na uso, akaisogeza karibu, akairudisha kama alivyopewa. Miwani yake, alisema, iko kwa fundi tangu Alkhamisi. Kwa macho haya hata jina lake mwenyewe asingeliona, seuze kuliandika. Na chumba cha chini atakipata kwa njia ya halali, mchana kweupe, bila ya kuiba kumimina ya shemeji yake.

"Tena," aliongeza akijifuta midomo, "mkate wenyewe siku hizi umepwaya. Mwambie shangazi yako."

Akateremka zake akicheka. Salhiya hakuamini hata neno moja. Kikapu kinapita mbele ya dirisha hili; aliyesimama hapa ananyoosha mkono tu. Mwenye kutaka baraza ife alikuwa amesimama hapa, na ushahidi ulikuwa tumboni mwake.

Ghorofa ya pili, Bi Time alikuwa ameketi mbele ya seredani, makaa juu ya sufuria na makaa chini yake. Alikuwa katika mwezi wa tatu wa eda. Tangu afiwe hakuwa amevuka kizingiti cha nyumba, na mwanamme asiyekuwa maharimu wake hakuwa amemwona. Ndiyo maana ya kikapu: mkate aliupika mwenyewe, akautia kitambaani, akaishusha kamba akiwa nyuma ya pazia, na wateja wakala bila ya kuuona hata ukucha wake.

"Nshautuma zamani, mwanangu," alisema Bi Time, Salhiya alipoingia. "Mgeni kaupenda?"

Salhiya alisema mkate umeanguka njiani. Uongo huo ulimuuma, lakini alimwona mwanamke aliyekonda kwa msiba, akaona si haki kumtia jeraha juu ya jeraha. Akauliza alipo Faiza, binti pekee wa Bi Time, ambaye kwa kawaida ndiye husaidia jikoni saa hizi. Bi Time alisema Faiza alitoka kabla ya jua kuchomoza kwenda kutafuta nazi.

"Siku hizi nazi anazifuata mbali," alisema, na kwa koleo akaanza kupakua makaa juu ya sufuria ya pili. Mkate ulikuwa umeumuka vizuri, mweupe, na kingo zake zimekuwa kahawia. "Chukua huu. Uteremke nao mwenyewe, usiuamini upepo."

Salhiya aliuteremsha kwa mikono miwili.

Bwana Hamad alikata kipande. Alikitafuna polepole, akakimeza, akanywa chai kidogo, akatafuna kingine. Salhiya alimtazama taya kama mtu anayemtazama hakimu.

"Mzuri," alisema hatimaye. "Lakini sio wenyewe."

Alieleza bila ya ukali, na ndiyo sababu ilimchoma zaidi. Miaka minane nyuma aliketi kwenye baraza hii hii, akala mkate ambao tangu siku ile ameupimia mikate yote. Ule ulikuwa na zafarani, na ndani yake tone la marashi ya mawaridi, na harufu yake ilifika mezani kabla ya sahani. Huu hauna zafarani wala marashi. Huu ni mchele, nazi na iliki, kama wa nyumba yoyote. Ama Bi Time ameacha kupika na watu wanatumia jina lake, ama nyumba hii imeanza kubana matumizi. Kwa vyovyote vile, yeye hawezi kuwatuma watu kuja kula kumbukumbu yake.

Salhiya naye alikwishaona kwamba ladha ya mkate imebadilika tangu msiba. Lakini alidhani ni huzuni inayompunguzia ladha, au ni ulimi wake mwenyewe. Aibu ilimzuia kumuuliza shangazi jambo dogo kama hilo wakati wa jambo kubwa kama lile.

Simu ya Bwana Hamad ikatetemeka juu ya meza. Aliisoma, akaisoma tena, kisha akamgeuzia kioo. Ujumbe ulitoka kwa Suhaib, mwenye mkahawa wa Roshani kule Hurumzi, ambaye tangu Ijumaa alikuwa akimwandama mgeni kwa mialiko. Ulisema kwamba mkate anaoutafuta umehama. Bi Time sasa anaipikia Roshani. Sahani yake iko tayari.

"Binti," alisema Bwana Hamad, "kuna kitu unanificha."

Akasimama.

Kutoka Kiponda hadi Hurumzi si mwendo, lakini asubuhi ile vichochoro vilirefuka. Salhiya alitembea mbele, akiyajumlisha mambo kichwani. Ubwa anataka chumba. Suhaib anataka mstari wa kumi. Mmoja anazuia mkate usimfikie mgeni, mwengine anamwita mgeni huyo huyo saa ile ile. Hesabu ilikuja sawasawa. Alijiapiza kwamba akifika juu atayasema yote mbele ya wateja, litokee la kutokea.

Ni vizuri kwamba hakuwahi kufungua mdomo, kwa sababu hesabu ile ilikuwa na kosa.

Roshani iko juu ya dari ya jumba la zamani, na wageni wa hoteli hupanda huko kuanzia saa tatu kwa ile staftahi ya kuchelewa ambayo hukutana na chakula cha mchana njiani. Saa hii meza zilikuwa tupu isipokuwa moja. Ilikuwa na mayai, katlesi, tikiti lililokatwa, jagi la ukwaju, na katikati sahani iliyofunikwa kwa kawa. Kando ya mlango palisimama ubao wenye orodha ya vyakula kwa chaki.

Suhaib aliwapokea kwa adabu zote. Alikuwa mwanamme wa miaka arubaini, aliyenyooka kama shati lake, na kwa Salhiya alikuwa na tabasamu la kumsamehe mtu aliyeshindwa. Aliinua kawa.

Harufu ilifika kabla ya sahani.

Mkate ulikuwa wa rangi ya manjano iliyokoza, umechambuka matundu madogo madogo hadi chini, na juu yake nyuzi za zafarani zimelala kama mwandiko. Bwana Hamad alitia kipande kinywani, akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Ndio huu," alisema.

Alimuuliza Suhaib nani ameupika. Suhaib akaweka mkono kifuani.

"Wallahi, umepikwa asubuhi hii, kwa mikono ya Bi Time mwenyewe."

Bwana Hamad akatoa daftari.

Salhiya alikifikiria kiapo kile. Mtu haapi kwa jina la Mungu juu ya mkate. Je, shangazi amemfanyia hivi? Anampa mgeni wake mkate wa kawaida, na ulio mzuri anauleta huku? Alimkumbuka mbele ya seredani, koleo mkononi. Aliukumbuka mkono ule ulipompa sufuria: ulinuka moshi na nazi, si kingine. Hata nguo yake haikuwa na harufu. Na huyo ni Bi Time, ambaye zamani ukipishana naye ngazini, ngazi hunuka udi mpaka kesho yake.

Hapo ndipo alipofahamu, na alipofahamu aliona haya kwamba imemchukua miezi mitatu.

"Bwana Suhaib," alisema, "Mzee Shamsi ulikwenda kumzika?"

Suhaib alishangazwa na swali. Alijibu kwamba alikwenda, na khitma alihudhuria. Marehemu alikuwa rafiki wa baba yake.

"Ilikuwa lini?"

"Hata miezi minne haijatimu."

"Basi mjane wake yuko katika hali gani?"

Suhaib alilijua jibu, kama kila mtu wa mji ule anavyolijua tangu utotoni.

"Yuko eda," alisema polepole. Kisha upesi: "Eda haimzuii mtu kupika."

"Haimzuii kupika," alisema Salhiya. "Inamzuia hiki." Na akaisukuma sahani mpaka chini ya pua yake.

Alimgeukia Bwana Hamad na kumweleza kwa sauti iliyotulia kuliko moyo wake. Mjane anayekaa eda haligusi nukato kwa miezi minne na siku kumi. Hajifukizi, hajipaki, hatii ua kichwani. Na wale walioshika sana, kama Bi Time, hawatii zafarani wala marashi hata katika chakula, kwa kuwa mkono unaovichanganya hubaki navyo. Mkate alioula Kiponda saa moja nyuma haukupikwa na mtu mwengine, wala haukubaniwa. Ulikosa harufu kwa sababu aliyeupika anamlilia mumewe.

Bwana Hamad aliiweka kalamu chini. Halafu alisema kwamba mama yake mzazi alikaa eda hivyo hivyo, kwamba alikuwa kijana wa miaka kumi na saba na aliona nyumba nzima imekosa harufu, na kwamba mtu anaweza kuishi Dar miaka mingi mpaka akasahau hata lile lililomfika nyumbani kwao.

"Sasa huu," akauliza, akimtazama Suhaib, "kaupika nani?"

Salhiya hakungoja. Alikwishainuka, anaelekea jikoni, na kila ngazi aliyoiteremka ilimwambia jibu alilokuwa hataki kulisikia. Kipimo cha zafarani ya Bi Time kinajulikana na watu wawili tu duniani. Mmoja amekaa Kiponda nyuma ya pazia.

Wa pili alikuwa ameinama juu ya beseni, anaosha sufuria. Hakukimbia. Hakushtuka hata.

"Karatasi hukuisoma?" Faiza alisema bila ya kugeuka. "Nilikwambia umpeleke kwengine."

Msomaji, swali letu la mwanzo limejibiwa hapo, na Salhiya aliomba laiti lisingejibiwa. Dada yake huyu, ambaye walilala kitanda kimoja utotoni, alikuwa amepika Roshani tangu alfajiri, akarudi Kiponda mbio, akasimama kwenye dirisha la ngazi, akautoa mkate wa mama yake kikapuni na kuuacha hapo hapo dirishani. Ubwa hakuwa na kosa ila tamaa yake ya kula.

"Kwa nini, Faiza?"

"Kwa sababu angeula ule kisha akaja kuula huu, ulimi wake ungejua mikono ni miwili. Na ulijua."

"Sikuulizi karatasi."

Faiza alijifuta mikono kwa kanga yake. Alikuwa mkubwa kwa Salhiya kwa miaka minne, na siku zote alikuwa mpole. Sasa maneno yalimtoka kama maji yaliyozibwa. Tangu ana miaka kumi na minane anakuna nazi, analoweka mchele, anachochea makaa kabla ya adhana. Mkate ukisifiwa, anayesifiwa ni Bi Time. Mama alipoingia eda, yeye Faiza alimwomba jiko kwa miezi minne tu, ili zafarani irudi na wateja wasihame. Mama alimwambia asubiri. Kila mara ni kusubiri. Suhaib hakumwambia asubiri. Alimwambia apike, na jina lake litaandikwa ubaoni.

"Wewe chuo kinakupa cheti chenye jina lako," alisema. "Mimi cheti changu kinaliwa kikaisha."

Salhiya alikuwa amekuja na hasira iliyokamilika, na sasa hakujua aiweke wapi. Alijua kwamba aliyosema dada yake ni kweli. Alijua pia kwamba kule Kiponda kuna mwanamke anayengoja kujua kama mgeni ameupenda mkate. Ndipo alipokumbuka ubao.

"Ubao wenyewe umeuona?"

Faiza hakuwa ameuona. Wapishi wa Roshani huingia kwa ngazi ya nyuma. Juu ni kwa wageni.

"Njoo uuone."

Walipanda pamoja. Faiza aliingia darini na kanga yake yenye unga, akapita kati ya meza hadi mlangoni, akasimama mbele ya ubao. Bwana Hamad na Suhaib walimtazama akisoma. Mstari wa kwanza ulikuwa na maneno matano tu, kwa herufi kubwa: Mkate Halisi wa Bi Time.

"Uliniambia Faiza," alisema.

Suhaib hakukana. Alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba jina la Bi Time ndilo linalowapandisha watu ngazi hizi. "Faiza nani anamjua? Lisemwe Dar, lisemwe Kendwa kwenye mahoteli, nani atageuza shingo? Mshahara unapata. Jina litakuja."

"Na yamini yako?" aliuliza Bwana Hamad. "Umeapa mbele yangu."

Suhaib alisema kwamba mkono wa mtoto ni mkono wa mama, na Mungu anajua nia. Kisha sauti yake ikabadilika. Bwana Hamad akiandika Bi Time, alisema, ameandika Roshani, na kila mtu atakwenda zake kwa salama. Akiandika jina la Faiza, jiko la Roshani halimjui tena Faiza kuanzia leo. Na kwa kuwa asubuhi hii ni ya kuambiana ukweli, alikuwa na swali kwa mtembeza wageni.

"Ushamwambia Bwana Hamad Bi Time ni nani kwako?"

Chini, mtaani, muuza mikate ya boflo alipita akipiga honi ya baiskeli yake.

Salhiya angeweza kusema ni jirani. Angeweza kusema ni mtu wa mtaa. Suhaib asingekuwa na ushahidi, na Faiza asingemfedhehi.

"Ni shangazi yangu," alisema. "Faiza ni binti yake. Nimekuficha tangu Ijumaa, na kila nilipokwambia simsifu ndugu yangu nilijua ninakudanganya. Uniwie radhi."

Bwana Hamad hakukasirika kwa kelele; alionekana amechoka. Alisema kwamba tisa zilizotangulia sasa itambidi azifikirie upya, moja moja, kabla ya kuzituma. Salhiya aliinamisha kichwa. Hilo alilistahiki.

"Lakini ulimi wangu haukudanganywa na mtu," akaendelea. Mkate wa hapa, alisema, ndio bora kuliko vyote alivyokula siku hizi tatu. Mkate wa Kiponda una heshima yake, na leo ameijua, ila mgeni wa siku mbili hali heshima, anakula mkate. Akafungua daftari, akaonesha mstari mtupu. Ilikuwa saa tatu kasorobo.

"Mgeni ana asubuhi moja tu katika mji huu. Wewe umesoma, umekosea, na umekiri. Umpeleke wapi? Utakachosema, hicho ntaandika."

Watu watatu walimgeukia. Suhaib alikuwa bado anatabasamu, kwa kuwa kila njia aliiona imeziba. Akisema Bi Time, Roshani inashinda na Faiza anabaki kivuli. Akisema Faiza, dada yake anafukuzwa kazi kabla mkate haujapoa, na shangazi anasoma katika jarida kwamba binti yake mwenyewe ndiye aliyelitoa jiko lake nje. Baraza ya Kiponda inakufa kwa vyovyote.

Kwa vyovyote, isipokuwa njia moja. Na hiyo moja haikuwa mikononi mwa yeyote aliyekuwa darini pale. Ilikuwa mikononi mwa mwanamke aliyemnyima binti yake jiko miaka minane, na ambaye saa hiyo alikuwa hajui kwamba ameibiwa.

Faiza alitikisa kichwa kidogo. Alikuwa ameyafahamu mawazo ya mdogo wake kabla hayajatamkwa. "Salhiya, usifanye hivyo," alisema. "Hatanisamehe."

Salhiya alimshika mkono. Ulinuka marashi. Kisha akawaelekea wote watatu, na akahakikisha kwamba kila neno lake linasikika.

"Bwana Hamad, andika Faiza Shamsi, na mahali paache wazi. Mimi ninakwenda Kiponda sasa hivi kumwambia shangazi yote tuliyoyafanya, langu na la Faiza, na nitamwomba amkabidhi Faiza jiko leo. Akikubali, utaandika Kiponda, na jibu nitakuletea bandarini kabla hujapanda boti. Akikataa, ufute mstari mzima, na mimi sitamtembeza mgeni mwengine katika mji huu."